Chai ya Gereji

Juzi nilikuwa katika gereji moja ya Kapkatet, nikingoja gari langu libadilishwe oili, mzee mmoja akaja kuchukua pikapu aliyoileta kutengenezwa breki. Aliizunguka polepole, akatia kidole kwenye taa ya mbele iliyovunjika. Kisha akachungulia nyuma, akakuta mabaki ya nyasi ya nepia.

Mwenye gereji alikuwa ameshamimina chai, kama alivyonimiminia mimi. "Karibu mzee, kunywa kwanza. Maneno tutaongea."

Mzee akapokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, lakini hakunywa. Kwetu ukishakunywa chai ya mtu, ugomvi umekwisha, na wote wawili walijua hivyo.

"Hii taa?"

"Tulikuwa tunajaribu breki, mzee."

"Na hii nyasi ya ng'ombe?"

"Breki inajaribiwa na mzigo."

Akaonyeshwa kibao ukutani: gari linaachwa hapa kwa hatari ya mwenyewe.

"Kuacha niliacha kwa hatari yangu," mzee akasema taratibu. "Kubebea ng'ombe yako nyasi ilikuwa hatari ya nani?"

Chai ikafanya utando, sote tukiitazama. Mwishowe mwenye gereji akamwambia fundi afungue taa ya gari lake yeye, amfungie mzee. Ilipowaka, mzee akainywa ile chai baridi yote, akasema ni tamu.

Nasikia kuna sheria za kumlinda mteja. Huenda ziko Nairobi. Huku kuna kikombe ambacho hakijanywewa. Changu nilikuwa nimekimaliza zamani, kabla hata sijaletewa gari langu.