Mabati Mbele ya Lango la Wakwe

Nimejenga boma langu uzeeni, na sioni haya kusema. Wenzangu niliosoma nao, kama kufika darasa la tatu ni kusoma, walijenga yao zamani, wengine wakajenga na wakafa. Mimi nilikuwa bado mjini Kisumu, mtaa wa Manyatta, naziba pancha za baiskeli, na baadaye za pikipiki, nikila samaki wangu jioni na kujiambia mwaka ujao.

Kwetu mwanamume asiye na boma lake bado ni kijana tu, hata ndevu zikiwa nyeupe. Mjini unaweza kuwa mzee wa kanisa, watu wakakuita Mzee huku na Mzee kule. Lakini ukienda nyumbani kwa baba yako unalala kwenye simba, kile kijumba cha vijana karibu na lango. Mke wangu ana wajukuu saba, na Krismasi zote hizo alikuwa anapika kwenye simba kama bibi arusi wa juzi. Hakulalamika sana. Alilalamika kiasi.

Aliyenisukuma ni mwanangu wa kwanza. Yeye ni mtu mzima, ana mke, ana kazi yake Siaya, na alitaka naye asimamishe nyumba. Sasa hawezi, kwa sababu baba yake bado yuko kwenye simba, na mtoto hawezi kumtangulia baba. Alinipigia simu akaniuliza kwa adabu, "Baba, na mimi nikae wapi?" Swali dogo namna hiyo. Nilishindwa kumaliza chai.

Na kulikuwa na jambo lingine la haraka zaidi. Mwenye boma haanzi mwenyewe. Baba yake ndiye anayekuja alfajiri kuchimba shimo la kwanza, na kama baba hayupo, basi ndugu wa baba. Baba yangu alikwisha zamani. Katika ndugu zake alikuwa amebaki mmoja tu, baba mdogo wa mwisho, miguu imevimba, pumzi inakatika akitoka kitandani mpaka mlangoni. Akiondoka huyo, ujenzi unasimama kwa matanga yake, na halafu zamu inashuka kwa binamu yangu mkubwa. Binamu yangu na mimi hatujaongea tangu ule ugomvi wa mti wa mpakani. Yeye anasema ni wake. Mti wenyewe ulishaanguka, lakini hatuongei. Nisingekubali huyo anichimbie shimo, naye asingekubali kuchimba. Kwa hiyo boma langu, na nyumba ya mwanangu nyuma yake, vyote vilikuwa vimeshikilia pumzi ya yule mzee.

Tukapanga Jumamosi. Siku hiyo nyumba inainuka asubuhi na jioni mnalala ndani yake, hakuna kusema tutamalizia kesho. Nguzo zilishakatwa huko nyumbani Uyoma, udongo ulikuwepo, watu walikuwepo. Mabati, mbao, misumari na mlango vilikuwa bado Kisumu.

Gari nililokuwa nalo ni stesheni wagoni niliyoinunua kwa mwalimu mmoja alipostaafu. Umri wake sitautaja, maana mwalimu alinidanganya na mimi nikawadanganya wengine. Lilikuwa na tabia mbili. Likipanda mlima linachemka, na klachi yake ilikuwa imechoka, ukiikanyaga unasikia harufu kama ya ugali ulioungua. Trela nilitengenezewa na fundi wa Obunga, aliyeokota ekseli ya pikapu iliyokufa akaichomea vyuma juu. Lilikuwa trela zuri, lilikuwa na nguvu kuliko gari lililolivuta, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Tulipolipakia mabati dukani pale Mamboleo, mwenye duka alizunguka mara mbili, akaangalia gari, akaangalia trela, akaniuliza kati ya haya mawili ni lipi linalovuta lingine.

Tukatoka Ijumaa asubuhi, mke wangu kiti cha mbele, kapu mapajani, na ndani ya kapu jogoo wa boma jipya. Chini ya miguu yake alikuwa na jiwe. Hilo jiwe aliling'oa nje ya mlango wetu Manyatta, ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na kila nilipopunguza mwendo kwenye mwinuko alikuwa tayari ameushika mlango. Gari likisimama, yeye yuko chini, jiwe liko nyuma ya gurudumu la trela kabla sijavuta breki ya mkono, ambayo hata hivyo haikushika kitu. Sijawahi kumfundisha. Nilimwoa akijua kulima na kuvua omena kwa chandarua, na sasa nikamwona ni utingo aliyezaliwa hivyo. Nilimwambia. Akasema utingo hulipwa.

Mlima wa Kisian tuliupanda kwa vituo vitatu na madumu mawili ya maji. Kombewa tulikunywa soda, gari likanywa maji tena. Nilikuwa na furaha, kwa kweli. Mtu akiwa na mzigo wa nyumba yake nyuma yake, hata pikipiki zikimpita na kumcheka, anaona kama anaziruhusu. Leseni yangu ilikuwa imekwisha muda na sikukutana na mtu wa kuniuliza.

Tulipopita Ndori na kushika barabara ya Luanda Kotieno, nikaanza kuhesabu vijiji vilivyobaki. Saa saba na nusu mchana hivi, kwenye mwinuko mdogo ambao mtoto wa nasari angeupanda akiwa amebeba kiti, klachi ikafa. Injini ilinguruma kama kawaida, na gari halikwenda popote. Mke wangu akashuka na jiwe lake. Akaliweka, akanyooka, akatazama upande wa kushoto wa barabara, na hapo akaanza kucheka mpaka akashika trela.

Tulikuwa tumesimama mbele ya lango la kwao.

Sasa nieleze, kwa wale ambao hawakuoa upande wetu. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Mimi kwa wakwe naenda nimealikwa, nimevaa koti, nakaa nilipoonyeshwa, silali, na mama mkwe hatupeani mkono. Kitu ambacho mwanamume hafanyi hata akichanganyikiwa ni kwenda kujenga kwa wakwe. Huyo ni mtu aliyeshindwa na kwao, amekuja kutunzwa na ndugu za mke. Na mimi hapo, shati limelowa jasho, mikono ya oili, nimesimama langoni kwa wakwe na mabati, mbao, mlango wenye fremu, na jogoo.

Shemeji yangu akatoka. Huyu ni mdogo wa mke wangu, mtu mzima mwenye tumbo, anapenda maneno kuliko chakula, na chakula anakipenda. Alikuja polepole, akashika mabati, akagonga mlango wangu kama mtu anayebisha hodi.

"Shemeji," akasema, "ungetuambia mapema. Tungekupimia pale nyuma ya choo."

"Klachi imekufa," nikamwambia.

"Wote wanaokuja kujenga kwa wakwe husema hivyo."

Akacheka, mke wangu akacheka, watu wa barabarani wakasimama. Mimi nilikuwa natazama jua. Nilimpigia mwanangu, akasema baba mdogo ameshaogeshwa, amevaa, na amekataa kulala mchana asije akapitiliza. Ametoka nje mwenyewe ameketi kwenye kiti, anauliza kila baada ya muda kama nimefika soko la Aram.

Tukatafuta pikapu ya kuhamishia mzigo. Haikupatikana hata moja. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwetu kila kitu chenye magurudumu kimekwenda mochari kuchukua maiti kwa mazishi ya Jumamosi. Mwenye pikapu wa kwanza alikuwa Bondo na jeneza. Wa pili alikuwa Kisumu anasubiri jeneza. Wa tatu alisema angekuja, lakini waombolezaji ishirini walikuwa wamekaa nyuma hawataki kushuka.

Ndipo shemeji akasema kuna maksai. Walikuwa wanne, wamelima wiki nzima, wana nguvu, tutawafunga nira na kuvuta trela kwa mnyororo, na kabla ya jua kuzama nimefika Uyoma. Akasema kwa wema kabisa. Halafu akili yake ikamletea utani, akasema, "Na si wageni kwako. Nyanya yao ulimleta wewe."

Watu waliacha kucheka.

Ilikuwa kweli. Wale maksai ni uzao wa ng'ombe mwekundu niliyemtoa kwa mahari, niliwajua kwa lile doa lake la kwenye paji la uso, wajukuu wote wamelichukua. Na ng'ombe wa mahari kwetu huenda upande mmoja tu. Wakirudi kwa mume, maana yake ndoa imevunjika, wazee wameketi, mke amerudi kwao. Hakuna maana nyingine. Sasa waniingie bomani jioni ya kuamkia siku ya kujenga, mbele ya baba mdogo, wakivuta mlango wa nyumba ya mwanamke yuleyule? Mzee angeinuka kwenye kiti chake akarudi ndani, na asingechimba.

Nikasema hapana. Nikasema nitalala ndani ya gari na kesho nitaona. Mke wangu alinitazama kama mtu anayetazama chungu kimepasuka. Alijua kama mimi kwamba kesho ndiyo siku yenyewe, na kwamba baada ya hiyo labda hakuna nyingine.

Sauti ikatoka nyuma ya ua wa minyaa. Ilikuwa ya mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa huko muda wote, amejificha ili nisimwone, anasikia kila kitu. Hakuongea na mimi, aliongea na binti yake, kwa sauti ambayo ingefika ziwani.

"Mwambie mume wako hao ng'ombe hawarudi. Wanasindikiza. Wakifika mpaka wa kwao, wafunguliwe, wageuke, waje wale majani yao hapa. Watu wa kwao wavute wenyewe kuingia. Na mwambie aondoe hilo jina langu kwenye midomo ya watu wa barabarani, jua linakwenda."

Mke wangu akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri kabisa, akayarudia yote neno kwa neno kama inavyotakiwa. Mimi nikaugeukia ua, nikiwa nimeinamisha kichwa, "Mwambie mama nimeshukuru." Naye akarudisha hilo nalo.

Gari tulilisukuma mpaka ndani ya lango lao, likakaa huko wiki tatu, shemeji akawa anawaambia wageni kwamba mkwe ameleta gari liolewe. Trela likafungwa kwenye nira. Nimeendesha hilo gari miaka mingi, na sijawahi kwenda safari nzuri kama ile ya kutembea nyuma ya ng'ombe. Hakuna kilichochemka. Shemeji mbele na fimbo ambayo hakuitumia, mimi kando ya mlango wangu, mke wangu na kapu, jogoo ametoa kichwa. Upande wa kushoto ziwa lilikuwa linaonekana na kupotea kati ya mashamba ya mtama. Watu waliuliza tunakwenda wapi, na mke wangu ndiye aliyejibu, kila mara, "Kwangu." Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake likisimama peke yake namna hiyo.

Mpaka wetu ni daraja dogo, karavati tu, maji hupita chini wakati wa mvua. Mwanangu alikuwa ng'ambo na vijana wa ukoo na kamba. Shemeji aliwasimamisha ng'ombe hatua kama kumi kabla ya daraja, akafungua mnyororo, akawageuza palepale wakitazama kwao. Hakuvuka hata yeye. Alimkumbatia dada yake, akaniambia nisisahau kiwanja changu nyuma ya choo chake, akaondoka.

Vijana wakavuta kwa mikono, wanawake wakitangulia na vigelegele, na jua lilikuwa bado halijagusa maji tulipoingia. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti. Alikuwa amepungua, koti lilimkaa kama limetundikwa. Hakunisalimia. Aliutazama mnyororo ambao mtu alikuwa ameusahau ukining'inia kwenye trela.

"Nani amevuta?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na nafasi, na mimi si mtu wa kuapa kwamba sidanganyi. Nikamwambia, ng'ombe wa wakwe.

Mwanangu aliacha kufungua kamba. Mke wangu alikuwa ameshika kapu kwa mikono miwili.

"Walivuka daraja?"

"Hawakuvuka. Mama mkwe alikataza."

Akapumua, pumzi moja ndefu ambayo sikujua bado anayo. "Huyo mama," akasema, "ndiyo maana tulichukua binti kule. Leteni chai."

Alfajiri walimbeba na kiti chake mpaka kwenye kiwanja. Mwanangu alitangulia na shoka, mimi na jogoo, mke wangu na moto kwenye kigae. Mzee alikataa kushikwa mkono. Alichimba akiwa ameketi, jembe likishuka taratibu, akipumzika, akishuka tena, nasi tukasimama mpaka shimo likafika kina cha kiwiko. Halikunyooka. Lilikwenda upande, kama linavyokwenda shimo la mtu anayechimba akiwa kwenye kiti.

Jioni mabati yote yalikuwa juu, mlango uko kwenye bawaba zake, na tulilala ndani, udongo bado unanuka maji. Mwanangu alisimamisha nyumba yake mwezi uliofuata. Baba mdogo aliishi mpaka mavuno, akawa anakuja kukaa kivulini kwangu mchana, akiegemea ukuta aliouanzisha. Fundi mmoja alipita juzi, akanionyesha ile nguzo ya kwanza jinsi ilivyolala, akasema ni kazi ya nusu saa, atainyoosha. Nilimpa chai, nikamwambia aiache.