Mwalimu Leveli Siti

Makonda wa njia ya Ngaramtoni walinipa jina: Mwalimu Leveli Siti. Nilikuwa nalipenda, sitasema uongo. Nilikuwa nimechoka kudanganywa kila asubuhi kwamba nafasi ipo, sogeeni nyuma, wakati huko nyuma watu wamesimama shingo upande na mimi nina madaftari ya darasa zima mapajani. Sheria inasema idadi ya abiria iwe idadi ya siti, asisimame mtu. Basi nikajifanya mlinzi wake. Nikiona mtu kasimama, napaza sauti kabla gari halijaondoka: "Konda, leveli siti! Trafiki yuko pale mbele, nitamwambia mwenyewe."

Siku hizi sisemi tena. Wanasema abiria wengine, na kila nikilisikia neno hilo nageuka kuangalia mlango. Bado namwona binti mmoja pale.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio, Mlima Meru wote umejifunika ukungu. Nilikuwa zamu wiki hiyo, kwa hiyo nilitakiwa kufika shuleni mjini kabla ya wanafunzi. Nilipata siti ya dirishani. Kutoka pale niliona konda wa gari la mbele akimzuia mwanafunzi kwa mkono, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo na makonda wengi hawaitaki. Gari la pili nalo likamkataa. Sikumtazama vizuri. Nikafungua madaftari yangu.

Konda wetu alikuwa na roho nzuri. Alimruhusu asimame karibu na mlango. Nami, kwa mazoea, bila hata kuinua kichwa, nikasema, "Konda, leveli siti!"

Nilisema kabla sijaangalia, na hilo ningeweza kujisamehe. Nilipoangalia nikaona ni binti wa kidato cha tatu ninayemfundisha mwenyewe, sweta lake la shule limeshonwa kiwikoni kwa uzi wa rangi nyingine. Ningeweza kusema, "Mwache." Lakini niliona aibu kuyafuta maneno yangu mbele ya abiria.

"Umemsikia mwalimu," konda akamwambia. "Dada, shuka tu."

Aliniangalia. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikamjibu, naye akashuka.

Alifika shuleni kipindi cha kwanza kikiwa katikati, viatu vyeupe kwa vumbi, kwa kuwa alitembea mpaka Sakina, karibu na mjini, ndipo akapata gari. Nilikuwa getini na mwalimu mwenzangu, na daftari la wachelewaji mkononi. Kwetu ukichelewa mara tatu mzazi anaitwa, lakini mara uliyokataliwa na magari haihesabiwi, ilimradi useme ni magari gani na ilikuwaje. Binti huyu alikuwa na mara mbili tayari.

"Sababu?" akauliza mwenzangu.

Binti alimtazama yeye, kisha mimi. Akainamisha kichwa.

"Nimechelewa kuamka, mwalimu."

Alinifichia aibu yangu. Nilijua pale pale. Hata hivyo kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na ni mimi niliyeandika: kuchelewa kuamka.

Mama yake alikuja baada ya siku mbili, amejifunga shuka, amekaa kwenye ncha ya kiti ofisini kwa mkuu wa shule. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya nyumbani, alikitafuta taratibu.

"Mimi sijui kusoma hilo daftari," alisema. "Lakini huyu anaamka saa kumi. Mimi ndiyo namwamsha. Anakamua ng'ombe, anaondoka bado giza. Huko kuchelewa kuamka ni kwa nani?"

"Amesema mwenyewe, mama," mkuu akajibu. "Mwalimu wa zamu ni huyu hapa."

Wote wakanigeukia. Binti peke yake ndiye hakunitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Aliniambia hivyo."

Mkuu akatoa uamuzi: binti apange chumba mjini na wenzake, awe karibu na shule, au atafutiwe shule nyingine. Mama akakataa chumba. Binti wa umri ule, bila mzazi, huko mjini Levolosi, nani atamwangalia? Na shule nyingine kwa mama yule ilikuwa maneno tu, hakuwa na uwezo wa kuitafuta. Wakasimama. Mlangoni mama alinipa mkono, akanishukuru kwa kumvumilia mtoto wake. Nilikuwa na muda wa kuwakimbilia, walitembea polepole mpaka getini. Mimi nikaenda darasani kufundisha, na dawati lake likawa wazi mpaka mwisho wa mwaka.

Mwaka jana, siku ya soko Ngaramtoni, nilikuwa nasubiri gari, na watu walikuwa wengi kweli. Mwanamke aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu ya viazi akainuka.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimtambua kwa sauti, ni yule binti. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga miaka yote hiyo, na nilikuwa nimeanza kufungua mdomo, gari likaingia na watu wakalivamia. Yeye akaacha viazi vyake, akakimbia sambamba na gari, akavua mtandio begani na kuurusha ndani kupitia dirishani. Kwetu siti yenye kitambaa ina mwenyewe, haikaliwi.

"Mwalimu, wahi!" aliniita, anacheka, bila kijembe chochote. "Nimekuwekea siti!"

Nikapanda. Nikamrudishia mtandio wake dirishani, akaupokea, akaniambia, "Safari njema, mwalimu." Gari likajaa mpaka mlangoni, watu wamesimama, na mimi nimekaa.