Hatua Tatu za Deiwaka

Kwenye bendi zetu za huku Mafinga, mtu anayemshikia mwenzake ala kwa siku moja tunamwita deiwaka. Deiwaka ana adabu yake. Anasimama nyuma, karibu na ngoma, anapiga kinachotosha, anarudisha kitu cha watu. Hakuna aliyeiandika popote. Na ingeandikwa nisingeisoma vizuri, maana mimi niliishia darasa la tatu nikaingia kwenye mbao. Milango, vitanda, majeneza. Majeneza ndiyo hayakosi mteja, ila hilo silo nililotaka kusema.

Rafiki yangu alikuwa mpiga solo wa bendi. Akaugua kifua, akalazwa. Nikampelekea uji. Akanishika mkono.

"Kaka, Jumapili mchana tuna harusi. Nenda kanishikie. Gitaa liko nyumbani, shemeji yako atakupa."

"Kwa vidole hivi? Tangu niache gitaa vimeshakuwa misumari."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana nakutuma wewe. Nikimtuma kijana, pale sirudi tena. Nitunzie nafasi, kaka. Kazi nyingine sina."

Nikamwambia lala, nafasi ni yako.

Jumapili hiyo ukungu uligoma kuondoka mpaka saa saba. Wimbo wa kwanza, wa pili, nilijificha nyuma kama nilivyoahidi. Wa tatu ulipochanganya, bibi harusi akavua viatu. Mama mmoja akapiga kelele, "Huyo babu mfungieni ndani, atatuua!" Watu wakaangua kicheko. Jamani, ilikuwa miaka mingi sijaitwa na mtu kwa jambo la furaha. Fundi majeneza nani anamchekea? Nikasogea mbele hatua tatu. Nikapiga vionjo vyote nilivyokuwa navyo, na vya rafiki yangu, vile watu wanavyovijua, nikavipindisha makusudi vionekane vyangu.

Kuinua macho, namwona shemeji mlangoni mwa ukumbi, ameinua simu. Mumewe alikuwa anasikiliza kutoka wodini.

Nilipokuwa nafunga gitaa, kiongozi wa bendi akanifuata. "Mzee, Jumapili ijayo uje."

Nilitakiwa niseme mwenyewe anarudi. Nikasema, "Nitakuja."

Alipotoka hospitali nikampelekea gitaa lake. Hakulipokea.

"Nilisikia," akasema. "Mwanzoni nilidhani ni mimi, enzi nikiwa mzima."

"Nitaongea nao."

"Utawaambia nini? Kaa nalo."

Sikuongea nao. Jumapili ilipofika nilikwenda, na nyingine, na nyingine. Yeye akaenda Ubaruku kulinda mashine ya kukoboa mpunga, kwenye vumbi lile la pumba, na kifua kile. Masika wakamrudisha marehemu.

Asubuhi hiyo nilichagua mbao zangu nzuri kuliko zote, kavu, zisizo na kifundo, nikaziegemeza ukutani, nikasubiri. Shemeji akaja na barabara. Alipofika mbele ya karakana yangu akanisalimia, "Kamwene," kwa heshima kabisa, bila kusimama. Akavuka kwa fundi wa ng'ambo.

Nilikaa na mbao zangu, nikisikiliza randa ya yule bwana mpaka akamaliza.