Mama yake yumo kitabuni, jina lake halimo

Leo nimemliza mtu kwa kitabu, na mimi nilidhani nampelekea furaha.

Mnakumbuka safari yangu ya Ziwa Turkana, kwa Waelmolo? Mwenyeji wangu alikuwa Mama Naisula, aliyenilaza kwake na kunipikia samaki.

Basi leo, kwenye duka la vitabu hapa Maskati, nikakuta kitabu cha picha na ngano za watu wake. Wallahi nilifurahi! Nikampigia simu ya video palepale, nikawa nnamfunulia kurasa na kumsomea ngano.

Ghafla akapiga kelele.

"Dada, rudi nyuma! Huyo mama yangu!"

Bibi mmoja anacheka, jua limempiga usoni.

"Wameandika jina lake? Nasieku?"

Nikasoma chini ya picha: "Ajuza wa ziwani."

"Tafuta vizuri, dada. Hata ngano hiyo uliyonisomea ni yake, alitusimulia sisi."

Nikatafuta mpaka jalada la nyuma. Jina la mpiga picha lipo. La mfasiri lipo. La mchapishaji lipo, na mji wake juu. La Nasieku halipo.

Jamani, nilikosa pa kuuweka uso.

Nikataka kukifunga. Mama Naisula akanizuia, sauti inamkatika.

"Usifunge kwanza. Alikufa hatuna hata picha yake moja."

Nikasimama katikati ya duka, nimemshikia mama yake mbele ya simu, watu wanapita, sote wawili tunalia.

Watu wa ziwa watachapisha lini vitabu vyao wenyewe, kwa majina yao? Niambieni.