Kaseti ya Dada na Fimbo ya Bibi

Jumapili ya pili ya Agosti tulimzika dada yangu kwetu Kibaigwa. Tulipofungua sanduku lake la bati ili tugawe nguo, chini ya vitenge nilikuta kaseti imefungwa kwenye leso. Nikaitia mkobani bila kumwonyesha mtu.

Wewe uliyekulia kwetu unaikumbuka miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyozoea kuwa na chumvi na viberiti tu yakaanza kujaa vitu. Malori yaliyofuata mahindi hayakuja matupu. Yalileta mitumba, betri na kaseti. Jirani yetu, mama aliyepika chai na maandazi karibu na mizani ya sokoni, akapata redio kaseti. Kaseti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Wazungu wanne. Kwenye jalada walivaa suruali za kung'aa, nywele hadi mabegani, mmoja ameshika gitaa kama mtu anayetaka kupasua kuni. Leo jirani alisema ni Wajerumani, kesho Waholanzi. Ngoma yao ilikuwa ya disko, inapiga sawasawa kama mtu anayetwanga, halafu lile gitaa linaingia kwa kukwaruza, kama mashine ya kusaga inapoanza kushika kasi. Bibi alisema hao watu wanaumwa.

Bibi alikuwa haoni. Macho yake yaliishia kwenye ule ugonjwa wa vumbi na nzi uliowapofusha wazee wengi wa kwetu. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo dada alipomaliza darasa la saba akapewa fimbo. Ndivyo tulivyosema nyumbani, kupewa fimbo. Bibi anashika ncha ya nyuma, wewe unashika ya mbele, mnakwenda kanisani, kisimani, sokoni. "Mbukwenyi!" bibi aliisalimia kila sauti iliyopita, na dada alisimama juani mpaka salamu ziishe. Salamu za Kigogo hazina haraka. Ukishapewa fimbo, huna pa kwenda ambako bibi haendi.

Bahati yake, bibi alipenda chai ya jirani. Walikaa pale kwenye benchi, na dada akasikiliza. Kiingereza hakukijua, wala mimi. Ila kwenye kiitikio alisikia wale Wazungu wakisema, "Nitoe leo, nitoe leo." Aliimba hivyo akichuma mlenda, akichekecha unga, akimwogesha bibi.

"Binti, hao wa Ulaya nao wanataka kutolewa wapi?" jirani alimtania.

"Kibaigwa," dada akajibu. Tukacheka wote, hata bibi.

Mama mdogo aliyekuwa fundi cherehani Dodoma mjini akatuma ujumbe kwamba dada aende, atamfundisha kushona. Baba alikataa. "Nani atashika fimbo?" aliuliza tukiwa tunakula, kisha akanitazama. Nilikuwa na miaka tisa. Ugali ukanishinda.

Siku ya soko iliyofuata, dada aliniambia, "Mdogo wangu, shika kidogo, nakuja." Nikashika. Mahali alipokuwa ameshika palikuwa bado na joto la mkono wake. Kwa jirani wimbo ule ulikuwa unapigwa. Nikamwona dada, na kifurushi chake cha kitenge, anapanda lori lililokwisha pakiwa.

"Karibu mchumba!" wapakizi walimpigia kelele. "Na wewe tukupime kilo?"

"Mizani yenu itavunjika!" akawajibu, akacheka akiwa juu ya magunia. Sikuwahi kumwona akicheka vile.

Nikapiga kelele. "Baba! Dada anaondoka!"

Baba, aliyekuwa akipimisha mahindi yetu, aliacha mizani, akaja kusimama mbele ya lori. Dada akashuka. Hakulia. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akanyoosha mkono.

"Lete."

Bibi akauliza, "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nipo, bibi."

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokufa, baba alikuwa ameshaanza kuumwa, dada akabaki kumuuguza. Jirani alipozeeka akamwachia kaseti. Redio ilikuwa imeshakufa. Mimi nilisoma Kongwa, nikaolewa mjini, nikapata wanangu. Siku hizi ukipita barabarani huioni ile mizani, wala benchi la chai.

Mwaka jana tulikuwa tunamenya karanga, dada akaniuliza bila kuinua macho, "Siku ile ulipiga kelele kwa kuogopa nitapotea, eti?"

"Ndiyo, dada," nikasema.

"Nilijua. Ulikuwa mtoto."

Haikuwa hivyo. Sikuogopa atapotea. Niliitazama fimbo mkononi mwangu, nikaelewa kwamba lori likiondoka, fimbo ni yangu. Ndiyo maana nilipiga kelele. Karanga zile zilituchukua mchana mzima, na nafasi ya kumwambia ilikuwepo mchana mzima.

Jana niliipeleka kaseti kwa fundi redio, kijana aliyekuwa na mashine moja ya zamani. Aliukaza utepe kwa kalamu, akaiweka. Ikakwaruza, ikaimba. Nikasikiliza mpaka kwenye kiitikio.

"Wanasemaje hawa, mama?" fundi akaniuliza.

"Wanasema nitoe leo."

Akacheka. "Mama, hicho si Kiswahili."

"Najua," nikamwambia. "Rudisha tena."

Akarudisha.