Nyumba niliyoichora mtaani Kasuku

Leo mchoro wangu umemliza rafiki yangu Aziza mbele ya watu.

Asubuhi sisi wa kikundi cha kuchora tulienda mtaa wa Kasuku, tukakaa mbele ya nyumba moja ya zamani. Baraza ndefu, mlango wa mbao nzito.
Wote tuliichora.
Aziza peke yake aliipa mgongo, akachora mapikipiki barabarani.
Tulimcheka, eti fundi wa pikipiki!

Tulipomaliza tukatundika picha kwenye ukuta wa jirani, watu wa mtaa wazione, kama kawaida yetu.

Mzee anayekaa mule ndani akatoka. Akaona yangu, akafurahi sana.
"Nani amechora nyumba yangu muzuri hivi? Hii nitaiweka salo, wageni waione!"

Nikajitokeza, meno yote nje.

Hapo Aziza akamwambia mzee, machozi yanamtoka:
"Papa, ile nyumba njo ya baba yangu. Tulikimbia vita. Tulirudi, tukakukuta ndani."


Miaka yote tunachora pamoja, na mimi sikujua.

Mzee hata hakukasirika.
"Mutoto yangu, vita ilikwisha zamani."
Akabandua picha yangu ukutani, akaingia nayo, akafunga mlango.


Nikamwambia Aziza nitamchorea nyingine, nzuri zaidi.

"Ya kazi gani?" akaniuliza. "Mama iko anapanga chumba kimoja kule Alunguli, ng'ambo ya mto. Tutaitundika wapi?"

Ndugu zangu, mungekuwa mimi, mungemujibu nini?