Siku Nilipomwita Adeer Bare Mwizi wa Intaneti

Hii sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu, na nyinyi mnaonijua kama mwalimu wa kompyuta mtanicheka, lakini bora mcheke mkiisikia kwangu kuliko muisikie mtaani kwetu hapa Garissa, ambako hadi leo nikipita kuna watu huulizana kwa sauti kama intaneti zao ziko salama.

Ilikuwa Ijumaa, na nyanya yangu, Ayeeyo Habiba (ayeeyo kwa Kisomali ni nyanya), alikuwa anangoja kumwona dada yake. Nikisema hivyo mtadhani ni jambo la kila wiki, kwa hiyo nieleze kidogo. Huyo dada mdogo, Shamsa, alitoka kwao Buna akiwa msichana, akaolewa Somalia, kisha vita vikaja, kisha ikaja habari kwamba amefia njiani, na Ayeeyo akawa anamwombea dua ya marehemu kwa miaka thelathini. Mwaka huu mama mmoja mwenye kiduka katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley akatutumia ujumbe wa sauti uliomfikia kutoka ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na sauti ya mwanamke mzee akitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, la baba wa babu yake, jina baada ya jina mpaka mababu kumi na wanne, na wote walikuwa wetu. Shamsa alikuwa hai, anaishi na wanawe katika nchi ya theluji. Ayeeyo aliusikiliza ujumbe ule wote akiwa amesimama (na goti lake halimpi hata dakika mbili), akauliza huyu anasemea wapi, na nilipomwonyesha simu akaipokea kwa mikono miwili na hakuirudisha mpaka jioni.

Basi tukapanga waonane kwa video baada ya sala ya Alasiri, kule kwao ikiwa asubuhi. Tatizo ni kwamba intaneti ya nyumbani ilikuwa imelegea kwa wiki mbili, na mama alinisihi nimwite fundi wa kampuni aje aiangalie mapema. Nikakataa. Nilimwambia, "Mama, mimi ndiye ninayefundisha watu hivi vitu," na jamani, kama maneno yangeweza kurudishwa mdomoni, hayo ningeyarudisha na kuyatafuna.

Siku ilipofika wakaja shangazi zangu, wakaja wanawake wa jirani, wakaja wazee wawili wa ukoo, sebule ikajaa mpaka mlangoni. Nikaunganisha kompyuta na televisheni kwa sababu ya macho ya Ayeeyo, nikapiga, wakapokea. Ikaja picha ya dari, halafu paji la uso lenye mikunjo, halafu ikaganda hapo hapo. Sauti ilikuwa inatoka vipandevipande, huelewi hata silabi. Ayeeyo akajivuta mpaka kwenye televisheni, akaligusa lile paji kwa vidole, akanigeukia.

"Mbona hapumui?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nikazima ruta nikaiwasha tena, na kwa dakika moja picha ikawa safi kabisa, tukaona jicho moja na ncha ya mtandio wa kijani, wanawake wakaanza kulia, ikaganda tena. Nikaitoa ruta nyuma ya kabati la chuma nikaipeleka dirishani, sikuridhika, nikampandisha shangazi Fatuma juu ya kiti aishikilie juu ya kichwa chake (mwanamke mwenye heshima zake, ana duka la vitambaa sokoni, naye akasimama pale mikono juu bila kulalamika, kwa sababu alidhani mpwa wake anajua anachofanya). Nikawaamuru wote kwa kelele wazime waifai kwenye simu zao, hata wazee wa ukoo. Wapi. Ndipo nikafungua ile programu ya simu inayokuonyesha kila kifaa kilichoshika mtandao wako, nikaona vifaa vinne nisivyovijua, majina yao herufi na namba tupu. Ningevitoa kwa kubadilisha nywila, lakini nywila ya kuingia kwenye ruta yenyewe nilikuwa nimeisahau (mimi, ninayewakaripia wanafunzi kila siku kwa kosa hilo hilo).

Vifaa vinne. Na jirani yetu Adeer Bare (adeer ni amu, ndivyo tunavyomwita mzee yeyote wa rika la baba) ana vijana wanne wanaopenda simu kuliko chakula. Sikufikiria tena. Nikatoka nje nimevaa ndara moja yangu na moja ya mzee wa ukoo, nikamkuta Adeer amekaa mbele ya lango lake na wenzake wanaotoka naye msikitini, chupa ya chai katikati yao, na bila hata salamu nikamwambia mbele ya wote awaambie wanawe waache kuniibia intaneti, kwamba wizi ni wizi hata kama hauonekani kwa macho, na kwamba mtu mzima aliyehiji hapaswi kulea wezi nyumbani.

Mmoja wao alikuwa amefikisha kikombe mdomoni, akakiteremsha taratibu. Adeer Bare alitazama ndara zangu, kisha uso wangu.

"Wanangu wako Griftu tangu Jumatatu, wamepeleka mifugo sokoni," alisema. "Hapa tuko mimi na Nasteho tu. Na wewe, mbona unalia?"

Sikuwa najua kama nalia. Nikamweleza kuhusu Shamsa, kuhusu miaka thelathini, kuhusu lile paji la uso. Akasimama kabla sijamaliza. Akasema, "Mlete Habiba kwangu."

Nasteho ni binti yake mkubwa, hufunga mitandao ya kliniki huko kambini, na siku hiyo alikuwa amekuja kumsalimia baba yake. Tulipofika, tukiwa tumemshika Ayeeyo huku na huku na mtaa mzima unatufuata, alikuwa ameshaandaa kompyuta yao, na picha ikaja. Haikuganda. Kizee chenye mtandio wa kijani kilikuwa kimeketi karibu na dirisha, na nyuma yake kulikuwa na weupe mtupu, theluji mpaka mwisho wa macho, na Ayeeyo hakuitazama hiyo theluji hata kidogo.

Hakumwamkia. Alimwuliza, "Mama alikuwa na ngamia aliyekataa kukamwa na mtu mwingine. Aliitwa nani?"

Kizee kile hakikusogea mpaka nikadhani picha imeganda tena, nikamtazama Nasteho, akatikisa kichwa. Mtandao ulikuwa mzima. Ni mtu tu alikuwa anavuta pumzi.

"Adey," ilisema ile sauti. "Na si kweli kwamba alimkubali mama peke yake. Mlipokuwa mkilala mchana, mimi nilikuwa namkamua."

Ayeeyo akakaa chini sakafuni. "Basi ni wewe," akasema.

Nimefundisha watoto kwa miaka tisa jinsi data inavyosafiri, naweza kuwachorea ubaoni, lakini pale nilikodoa macho kama mtu asiyejua lolote. Mwanamke tuliyemsomea dua ya maiti alikuwa anacheka kwa sababu ya maziwa ya wizi ya utotoni. Wanaume walikuwa wamejazana mlangoni, na Adeer Bare alikuwa anarudia Subhanallah kwa sauti ya chini, tena na tena.

Walipomaliza, Nasteho akaniomba simu yangu, akaangalia vile vifaa vinne, akabonyeza hapa na pale, na kwenye kioo wakatokea mbuzi. Mbuzi wangu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimefunga kamera nne zizini kwa sababu ya wezi, nikazipangia zirekodi kwa ubora wa juu kabisa na kutuma kila kitu mtandaoni usiku na mchana, nikasahau. Mmoja wa mbuzi alikuwa anatafuna kasha la kamera zenyewe. Simu ikapita mkono kwa mkono, na Adeer Bare akacheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake baada ya Alasiri nilirudi pale langoni, nikatoa salamu, nikamwomba radhi mbele ya wale wale ambao nilimtukana mbele yao. Akanimiminia chai, akasema amesamehe, akanisogezea sukari. Nimeapa, jambo likinishinda naita fundi na nanyamaza.

Intaneti yetu sasa ni nzuri, naipima kila Ijumaa. Lakini Ayeeyo bado anatembea na goti lake bovu hadi kwa Adeer Bare kuongea na Shamsa. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kule hakuna anayepiga kelele.